Kona ya Nne ya Nyumba ya Mama Gathoni

Bu.

Sauti yenyewe ndiyo hiyo. Fupi, ya chini, kama mlango uliofungwa katika chumba cha mbali. Niliisikia asubuhi moja kule Dundori, mtaimbo mkononi, umande ungali kwenye nyasi, na mpaka leo nikiosha vyombo au nikingoja chai ichemke inanijia vile vile. Nimekaa katika kazi ya mjengo miaka kumi na minane. Nyundo kwenye mabati, mashine za kukata mawe, lori likimwaga kokoto, hizo zote zimechanganyika kichwani zikawa kelele moja. Bu imebaki peke yake.

Nitawaeleza ilitoka wapi, lakini kwanza mnisamehe kwa jambo moja. Mtu akisema amestaafu, mnangoja kuona mvi. Mimi nina miaka thelathini na saba na mgongo wa nyanya yangu. Siku hizi nakaa kwa duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, napima misumari, nauza bawaba na kufuli, na nyinyi vijana mnaingia na simu zenu. Fundi, niaje, nataka nyumba kama hii. Naangalia picha. Nyumba nzuri kweli, paa limelala kama meza, kuta ni vioo vitupu. Nauliza huko ilikojengwa mvua hunyesha namna gani, mnacheka. Mimi nimeshaona mvua ya mawe ikijaa juu ya paa kama hilo, ikakaa hapo siku mbili ikitafuta mahali pa kuingilia, na ikapapata.

Msidhani sijui kuota. Chini ya kaunta nina daftari, na ndani yake nimechora nyumba yangu mara nyingi kuliko nilivyoandika insha shuleni, maana shule yenyewe niliiachia kidato cha pili. Veranda inatazama ziwa. Jikoni kuna madirisha mawili, moja la kuona nani anakuja na moja la kuona kama kuku wameingia kwenye sukuma wiki. Nimewajengea watu wengi, na mwenyewe bado nalala katika chumba cha kupanga. Kwa hivyo mkinionyesha picha zenu moyo wangu unafurahi pamoja nanyi. Halafu mgongo unauma, nakumbuka kuwaambia ukweli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kiprono, fundi wa mawe wa kule Njoro, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Nilikwenda kwake nikiwa na miaka kumi na tisa kubeba maji. Wanaume wa pale waliambiana kwamba msichana huyu akifika saa ya chai bado yuko, basi wao watavaa sketi. Nilifika saa ya chai. Hakuna aliyevaa sketi. Wiki ya tatu Mzee Kiprono akanipa mtaimbo, akaniambia nizunguke ploti yote nikigonga chini, kila hatua mbili, halafu nije nimwambie nimesikia nini. Nilidhani ananitafutia kazi ya kunitoa miguuni pake. Nikarudi nikamwambia nimesikia ti, ti, ti, kila mahali. Akasema vizuri, siku utakayosikia kitu kingine uache vyote uniite.

Ndio mwanzo wa kujenga, vijana wangu, na hauuzwi dukani kwangu. Kabla ya picha, kabla ya kuchagua rangi ya mabati, tembeeni kwenye shamba lenu na mtaimbo. Ardhi yetu hii ya bonde si ya kuaminiwa kwa macho. Kuna mahali ni majivu ya zamani ya milima, juu pamekauka kama barabara, chini mvua inapita ikichota mchanga kidogo kidogo mpaka siku moja unaona ufa ambao ng'ombe anaweza kuingiza mguu. Na huko juu, kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi, kuna jambo lingine. Mzungu alikuwa na ng'ombe wengi. Alichimba mashimo marefu ya kuhifadhi majani ya kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi, na mashimo ya josho, na ya takataka. Wazee wetu walipogawana yale mashamba, kila mtu alifukia shimo lililomwangukia kwa chochote alichokuwa nacho. Wakapanda viazi juu. Watoto wao hawakuambiwa. Wajukuu ndio nyinyi mnaokuja kujenga.

Angalieni nyasi mwezi wa Januari. Kila mahali pakiwa pamekauka na kipande kimoja kikawa kijani, msishangilie kwamba hapo pana rutuba. Ulizeni hapo chini pana nini.

Mimi sikuuliza. Ndipo tunafika kwa Mama Gathoni.

Mama Gathoni alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu ujana wake. Miaka hiyo yote alilala katika nyumba za shule, chumba cha kutolewa na cha kurudishwa, na alipostaafu alirudi Dundori kwenye kipande alichoachiwa na marehemu mume wake. Mama mnene, mcheshi, anayeita kila mtu mtoto wangu hata akiwa chifu. Aliniambia kwamba maisha yake yote hajawahi kupiga msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Alitaka nyumba ya vyumba vitatu, na chumba chake cha kulala kiwe kwenye kona ile ya chini, ambapo ukisimama asubuhi unaona ziwa kule mbali kama sahani ya bati. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kusimamia mwenyewe. Mzee Kiprono alikuwa amekwisha kuacha kazi, anapumzika nyumbani kwake Njoro, na mimi ndiye niliyeitwa fundi, na watu wanne chini yangu.

Nilizunguka na mtaimbo kama nilivyofunzwa. Kona ya kwanza, ti. Ya pili, ti. Ya tatu, ti. Ya nne, ile ya chumba cha kulala, ile ya ziwa, yenye nyasi laini za kijani, bu.

Niligonga tena. Bu.

Sasa sikieni ilikuwa siku gani. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake Jumamosi mchungaji na akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kuombea msingi. Nyinyi mnaijua desturi hii, wengine wenu mmelelewa ndani yake. Mitaro inachimbwa, watu wanaimba, halafu kila mama anashika jiwe moja na kuliweka kwenye kona iliyochaguliwa, akitaja neno la kumtakia mwenye nyumba mema. Mama Gathoni alikuwa amechagua kona ya nne. Nyuma ya kibanda sufuria za mukimo, chakula cha wageni wa kesho, zilikuwa zimeshapangwa, na wifi yake, Mama Kimani wa shamba la jirani, alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo akimenya viazi na kumtania kwamba sasa amekuwa tajiri, ataanza kuwafungia majirani geti. Mama Gathoni alikuwa anacheka mpaka anafuta macho kwa aproni.

Kuhamisha nyumba kulikuwa kunataka hatua kumi tu kwenda juu. Hatua kumi, kamba na vigingi upya, na siku nyingine ya maombi. Lakini kule juu ziwa halionekani, mti wa jirani umeziba. Niliwaza nitamwambiaje huyu mama. Nikamwonea huruma. Nikajiambia nitachimba kona hiyo zaidi kidogo, niongeze mawe na vyuma, itakaa. Na nilichimba zaidi kidogo, nikafika kwenye udongo mweusi, nikauona, nikajaza mawe juu yake.

Jumamosi akina mama waliimba. Waliweka mawe yao. Mama Kimani aliweka lake la mwisho, dogo kama ngumi, akasema, "Mungu akupe usingizi mzuri humu, wifi yangu, maana unakoroma." Watu walicheka sana. Mimi nilicheka pia.

Huruma yangu ilikuwa ya kuniponya mimi nisione uso wake ukinyauka. Yeye haikumsaidia kitu. Nimekuja kuelewa hivyo baadaye, na nimeielewa kwa mgongo.

Wacha nipumzike hapo kidogo, niwape mengine ambayo hayana machungu.

Mawe. Mawe ya machimbo ya huku kwetu si ndugu wa tumbo moja. Yako magumu na yako ambayo ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Kuna mwalimu wa chuo kule Njoro aliyetuletea lori la mawe ya manjano aliyoyachagua mwenyewe kwa sababu ya rangi. Mzee Kiprono alimshauri, akajibiwa kwa heshima na maneno marefu. Tukajenga. Baada ya miezi michache mwalimu akapiga simu kwamba ukuta wa nyuma unaliwa. Tulipofika tulikuta ng'ombe wa jirani wawili wamesimama wakiulamba, wametulia kabisa, wamefumba macho. Lilikuwa jiwe lenye chumvichumvi na laini, na walikuwa wamekwisha kutengeneza shimo la kuweka kikombe. Mzee Kiprono hakusema nilikwambia. Aliuliza tu kama ng'ombe wanapenda pia ukuta wa mbele. Kwa hivyo gongeni jiwe kwa nyundo, likiimba nunueni, na mliloweshe maji kabla ya kulijenga, maana jiwe kavu linanyonya maji ya simiti na ukuta unabaki umeshikana kwa jina tu.

Upepo. Wale wa Mau Narok mnajua. Huko nilifunga paa la nyumba moja misumari ya kawaida tu, bila kufunga mbao kwa waya hadi ndani ya ukuta. Niliharakishwa na baridi. Wiki iliyofuata mwenye nyumba alinipigia simu akaniambia kwa upole kwamba paa langu liko katika viazi vya mtu. Nilikwenda. Lilikuwa limetua vizuri, zima, kama lililojengwa hapo, na mwenye viazi alikuwa amekwisha kuwaingiza kondoo chini yake. Ilibidi tumwombe.

Na maji. Visima vyetu vingi vina maji ya kutia meno rangi ya kahawia, tazameni midomo yenu, wengine tuko hivyo hivyo. Mtoto anayezaliwa katika nyumba yako anastahili kunywa maji ya mvua. Kwa hivyo unapochora paa chora na tangi, na ujue mfereji unamwaga wapi. Maji ya paa yakiachwa yaanguke popote, yanachagua kuanguka karibu na msingi, na yakipata mahali palipo laini yanaingia humo na kufanya kazi bila kupumzika.

Nimejaribu kuzungumza mambo mengine na bado nimerudi kwenye ile kona.

Nyumba ya Mama Gathoni ilipita mvua za kwanza bila neno. Nilikuwa nikipita pale naangalia kona nikitoka na nikiingia, kama mtu aliyeacha moto jikoni. Mwaka wa pili, mwezi wa Mei, mvua ndefu zikiwa zimekaza, nilifika kumfungia mlango wa kuku. Tulikunywa chai. Nikaomba kuona chumba cha kulala kama madirisha yanafungika. Kitanda kimetandikwa vizuri, dirisha linaonyesha ziwa, na kwenye ukuta wa kona, chini kabisa, karibu na goti, kalenda ya kanisa imetundikwa.

Nani hutundika kalenda kwenye goti?

Nikainua. Ufa ulikuwa umetoka sakafuni ukipanda kwa ngazi, jiwe hadi jiwe, kidole changu kidogo kiliingia. Mama Gathoni alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani ataniuliza. Badala yake alianza kunong'ona kana kwamba mtu anasikiliza dirishani. Akaniambia anajua umetoka wapi. Ni kona ile ya mawe ya maombi. Mmoja aliweka jiwe kwa mdomo mtamu na moyo mwingine. Na nani aliweka la mwisho, na nani alisema mambo ya usingizi, na nani miaka yote alitaka kipande hiki kiende kwa mtoto wake? Hakuwa amezungumza na Mama Kimani tangu Pasaka. Wanawake wawili waliolea watoto kwa zamu, waliozika waume zao mwaka mmoja, sasa walikuwa wakipishana njiani kila mtu akiangalia shamba lake.

Hapo ndipo ningesema. Nawaapia mdomo wangu ulikuwa wazi.

Nilichosema ni kwamba kwanza tujue kama ukuta bado unatembea. Hii ni mbinu ya Mzee Kiprono, ichukueni, ni nzuri. Chukua kipande chembamba cha kioo, kidogo kama kidole, kipitishe juu ya ufa, ukishike pande zote mbili kwa simiti. Kioo hakijui kuvumilia. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika. Nikaweka kioo, nikarudisha kalenda, nikaenda zangu.

Siku ya tisa simu ililia. "Mtoto wangu," akasema, "kioo chako kimekatika."

Sikwenda Dundori. Nilikwenda Njoro kwanza. Mzee Kiprono alikuwa ameketi nje akichambua mbegu za mahindi, kofia kichwani. Nikamweleza yote, kuanzia bu mpaka kalenda.

"Masikio nilikupa," akasema. "Mdomo nilidhani unao."

Hakuna siku nimetukanwa zaidi ya hapo, na hakukuwa na tusi ndani. Halafu akasimama, akatafuta viatu, akasema twende.

Niliomba aniache niingie peke yangu. Mama Gathoni alikuwa jikoni akitoa maharagwe kwenye maganda. Nilisimama, sikukaa, kwa sababu ukikaa kwa mtu unapewa chai, na ukipewa chai unapoteza nguvu ya kusema.

"Mama, hakuna aliyekuroga. Hiyo kona niliisikia ni tupu tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza."

"Ulisikia nini?"

"Shimo."

Mkono wake uliendelea kutoa maharagwe, moja, jingine, kama ambao haujaambiwa habari. Nikamwambia juu ya udongo mweusi, mukimo uliokuwa nyuma ya kibanda, na ziwa. Nikamwambia nilimhurumia. Hapo ndipo aliacha maharagwe.

"Ulinihurumia," akasema. "Na mimi nikamfukuza Mama Kimani kwangu. Alikuja na maziwa, nikamwambia ampelekee aliyemtuma."

Akafuta macho kwa aproni ile ile.

"Utaenda wewe umwambie. Mimi sina pa kuanzia."

Nikavuka mtaro wa mpaka kati ya mashamba yao. Mama Kimani alikuwa katika mstari wa viazi, amevaa buti za marehemu mume wake, anachimba. Nilieleza kila kitu huku nikimfuata mstari mzima, maana hakusimama. Mwisho wa mstari akajinyoosha, mkono kiunoni, akanitazama.

"Jiwe langu lilikuwa dogo kuliko yote," akasema. "Ni kubwa gani la kuangusha nyumba? Kama ningetaka kumwangusha si ningebeba kubwa?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na kweli anakoroma."

Akainama, akachagua viazi, vile vikubwa, akajaza ndoo, akanipa. "Mpelekee. Mwambie ni vya kuchemsha, si vya kuroga." Kisha akageuza uso, akaanza mstari mwingine kwa nguvu ambayo viazi havikuwa vinaihitaji.

Kurekebisha kona iliyozama ni kazi ambayo siwatakii. Kwanza tulielekeza maji ya paa yote kwenye tangi, tukaacha udongo ukauke wiki kadhaa. Tukategemeza ukuta na paa kwa milunda, nguzo zile za miti. Halafu unachimba chini ya msingi wenyewe, kipande kimoja tu, upana wa mabega yako, unateremka mpaka mtaimbo useme ti. Unajaza zege. Unangoja likomae, unalimwagia maji asubuhi na jioni kama mtoto mgonjwa, ndipo unakwenda kwenye kipande kingine. Ukiwa na haraka ukafungua viwili kwa pamoja, nyumba inakukalia. Vipande vilikuwa saba.

Nilichimba mwenyewe. Watu wangu walitaka kusaidiana, nikawapa kazi ya kuchanganya zege na kupandisha udongo. Mzee Kiprono alikaa juu ya karai lililofunikwa kifudifudi, akisikiliza. Chini kule tulikuta majani ya mzungu yenyewe, meusi, yameshikamana kama keki, na mtakataa kuamini lakini yalikuwa bado na harufu kali ya uchachu, kama uji uliosahauliwa. Tulikuta chupa, pembe za ng'ombe, sufuria bila kitako. Na juu ya hayo yote, mawe ya akina mama. Mama Gathoni alikuja akasimama ukingoni, akaniomba nimpe lile dogo. Nililijua. Nikalipangusa kwa kiganja, nikampa. Akaenda nalo ng'ambo ya mtaro na sikumwona mpaka jioni. Waliporudi walikuwa wawili, na Mama Kimani alikuwa anaongea na yeye anasikiliza.

Kwenye kipande cha sita nilikuwa nimelala ubavu nikivuta jiwe la zamani la mlowezi, na mgongo wangu ukasema neno lake. Nilitolewa kwa blanketi. Kipande cha saba kilimaliziwa na mmoja wa watu wangu, Mzee Kiprono akimwelekeza kwa fimbo. Hospitalini waliniambia nichague kati ya kubeba mawe na kutembea. Nikachagua kutembea, na kutembea kwenyewe si kwa mbali. Hivyo ndivyo mtu anavyostaafu kabla ya mvi.

Sijutii kuchimba. Nimechoka tu. Kuna asubuhi nafungua duka na kuinua lile shata la chuma kunaniacha nimeegemea ukuta, na mteja wa kwanza ananiuliza kama niko sawa. Ninachojutia ni ile Ijumaa, ile dakika ndogo kati ya bu ya pili na kuinua kichwa changu kumtazama yule mama akicheka. Kusema kulikuwa kunahitaji pumzi moja tu. Hatua kumi za shamba. Mukimo ungeliwa hata hivyo.

Kwa hivyo, nyinyi mnaojenga, ulizeni fundi wenu maswali hata akikasirika. Mwambieni mnataka kusikia habari mbaya mapema, msimwonyeshe furaha yenu yote kabla hajamaliza kugonga. Na nyinyi mnaotaka kuwa mafundi, kuna wasichana wawili wanaokuja dukani kuniuliza, mnajijua, moyo mwepesi si aibu. Mimi ninao. Lakini utoeni kupitia mdomo mapema, wakati mitaro bado ni kamba na vigingi.

Mtaniuliza kama nyumba ilisimama.

Ufa tuliujaza, na kabla sijapata nguvu za kutembea vizuri niliomba nipelekwe Dundori nikaweka kioo cha pili mahali pale pale. Nikairudisha kalenda juu yake. Ilikuwa bado iko Mei, mwezi nilipoiinua mara ya kwanza, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuipindua. Mama Gathoni alisema hataigusa wala hataangalia nyuma yake mpaka mimi nije nimwambie. Alikuwa amehamishia kitanda sebuleni. Tukangoja mvua za vuli.

Zilinyesha Oktoba yote na sehemu kubwa ya Novemba. Nikiwa dukani nilikuwa nasikiliza mabati juu yangu na kuhesabu siku. Mvua zilipokatika nilipanda kwenda Dundori. Nyumbani hapakuwa na mtu. Jirani mmoja aliniambia Mama Gathoni na wifi yake wamekwenda pamoja kwa kikundi cha akina mama, wametoka wakibishana juu ya nani atabeba ndoo. Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha maua, ninapopajua mimi.

Chumba kilikuwa kitupu, alama nne za miguu ya kitanda bado ziko sakafuni. Nilipiga magoti polepole, mkono mmoja ukutani. Nikainua kalenda.

Kioo kilikuwa kizima. Kilikuwa na vumbi tu. Nililifuta kwa ncha ya leso, upande mmoja hadi mwingine, nikapitisha ukucha juu yake nisikie kama kuna mahali panakwaruza. Hapakuwa.

Kisha nikaipindua kalenda, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, nikaifikisha Novemba. Nikaitoa pale chini nikaitundika juu karibu na dirisha, mahali watu hutundika kalenda.